Gego la Fundi Baiskeli

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimepata wazo la kunitoa kimaisha. Nilimrudishia daktari wa meno baiskeli yake pale zahanati, nikaona bango ukutani: usingoje maumivu, njoo ukaguliwe mapema. Maneno matamu! Yamebandikwa hapo, hakuna anayeyasoma. Jioni nimeyahamishia kwenye ubao wa karakana yangu kwa rangi nyekundu: MENO YAMELIKA? USINGOJE YAISHE! NJOO UKAGULIWE LEO. Meno ya gia, bila shaka. Nimechora hata gia yenyewe. Kinyozi wa jirani amesema ni ua zuri sana. Wivu tu.

Gego la kushoto linagonga kidogo. Si kitu. Natafunia kulia.

Jumanne, 3 Machi

Wateja watatu kabla ya saa nne! Hakuna hata mmoja mwenye baiskeli. Wa kwanza bibi mmoja, shavu limevimba. Ameketi kwenye benchi langu, kapanua kinywa, anangoja. Nilikuwa na koleo mkononi. Kaiona, kafumba macho, kasema yuko tayari. Ameniita daktari mara nne. Nilimsahihisha ile ya nne. Nikamwelekeza zahanati.

Mchana daktari mwenyewe kaja, kafura. Akauliza tangu lini spana zangu zinatibu watu. Nimemweleza kwamba ni meno ya gia. Nikacheka ili kumpoza. Kosa! Nilicheka kinywa wazi. Akaniamuru nibaki hivyohivyo, nigeukie mwanga. Kachungulia, kaguna. Amesema gego lina tundu, lakini bado linaokoka: likizibwa wiki hii ni kazi ya nusu saa. Lisipozibwa, tutaagana nalo. Kanipangia keshokutwa, Alhamisi, saa mbili asubuhi, mtu wa kwanza. Nikasema nitaangalia nafasi. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni na chakula changu, akasema nafasi ipo.

Ubao nimeugeuza, umetazama ukuta.

Jumatano, 4 Machi

Mke wangu ameniuliza kama naogopa. Mimi? Niogope? Ni ule mlio wa mashine tu. Na kile kiti kinacholala chenyewe. Na ile taa. Basi.

Kinyozi kaniambia niweke karafuu. Nimeweka tatu. Mteja mmoja ameuliza kama siku hizi nauza viungo.

Jioni daktari kaniachia baiskeli, huduma ya kila Jumatano kama kawaida. Mteja wa mfano! Hangoji mnyororo ulie. Laiti wote wangekuwa kama yeye. Nikiwa nautia mnyororo mafuta, wazo likanijia. Kesho asubuhi ataipitia hapa, kisha ana kilima kizima hadi zahanati. Tairi likiisha upepo katikati ya kilima, atachelewa. Mimi nitakuwa nimefika mapema, nimeonekana, nimesubiri. Zamu itapita na lawama si yangu. Mke wangu atanionea hata huruma.

Nimelegeza valvu ya gurudumu la nyuma. Kidogo tu, upepo utoke kistaarabu. Nimejionea aibu kama dakika mbili. Ili kuifuta, nimeipaka kengele yake rangi mpya bila kuombwa.

Alhamisi, 5 Machi

Kaipitia saa moja na nusu, mke wangu kamkabidhi. Mimi nilikuwa njiani tayari. Saa mbili kasoro robo nilikuwa kwenye benchi la zahanati. Nikamwambia muuguzi aandike jina langu kwa herufi kubwa. Saa mbili, daktari hayupo. Saa mbili na robo, hayupo! Nikatoa karanga za kukaanga mfukoni, nikajipongeza.

Kwa furaha nikasahau upande.

Ka! Gego limepasuka. Nimeona nyota, mbalamwezi na ukoo wangu wote. Nilipiga yowe hadi muuguzi akadhani nimeumwa na nyoka. Nikamlilia aniitie daktari. Akasema kwa upole kwamba daktari hajafika, sijui amepatwa na nini.

Mimi nilijua amepatwa na nini.

Nimeteremka kile kilima mbio, shavu mkononi, mkoba wa kazi ukinipiga mgongoni. Nikamkuta anasukuma baiskeli, jasho linamtoka. Nikaikaza valvu, nikajaza upepo, machozi yakidondoka juu ya pampu. Akanishukuru sana. Akasema hajawahi kuona mgonjwa anayemfuata daktari barabarani. Tukapanda hatua kumi. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, nilijuaje kwamba tairi limeisha upepo.

Nikaonyesha shavu. Nikaguna kwamba siwezi kuongea.

Ganzi, koleo, kwisha. Hata mlio wa mashine sikuusikia. Limetoka vipande viwili. Ameniwekea ndani ya pamba na kusema juzi lingezibika. Nimelia tena, na safari hii haikuwa maumivu. Nimelitafunia miaka thelathini, na nimeliua kwa karanga.

Jumatatu, 9 Machi

Uvimbe umeshuka. Ulimi unashinda shimoni siku nzima. Mke wangu halisemi jambo lenyewe, ila kila akinipa chakula ananipondea kama mtoto.

Leo mteja kabisha kwamba mnyororo wake haulii, kwa nini aulete? Nikampa somo la nusu saa: usipolia ndipo uletwe, ukilia umechelewa! Kaelewa. Kaiacha baiskeli. Nina kipaji cha kushawishi watu.

Daktari amepita. Anasema gego la jirani nalo limeanza tundu, dogo mno, niende Alhamisi saa mbili. Nimelipima kwa ulimi. Haliumi hata kidogo. Sasa kitu kisichouma kinatibiwa nini?

Baiskeli ataniletea Jumatano jioni. Lakini nimeona amenunua pampu yake mwenyewe, kaifunga chini ya kiti. Basi safari hii itabidi iwe mnyororo.