Kitabu cha Bi. Taratibu na Jalada la Njano

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamua. Makala yote arobaini na moja ya Bi. Taratibu, mwandishi nimpendaye kuliko wote, yatachapwa na kujalidiwa. Mtandaoni yako bure, lakini kwetu mtandaoni maana yake ni simu ya Mama, nusu saa baada ya chakula. Na Shangazi wa Burnt Forest hupiga simu katikati ya kila aya nzuri. Jana nilikuwa ndani kabisa ya "Namna ya Kungoja Chai Ipoe", akapiga kuuliza bei ya viazi mjini. Nilitaka kulia. Bi. Taratibu haandiki vitu vya kusomwa mbiombio!

Nyumbani kuna wadogo zangu watatu na televisheni moja. Nitasomea shuleni. Tatizo: leo gwarideni Mwalimu Obiero, naibu wa mwalimu mkuu, alitangaza kwamba hadi mock, mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, iishe, kitabu chochote kisicho cha masomo kitaingia katoni iliyo ofisini kwake. Katoni hiyo haijawahi kurudisha kitu.

Nina mpango. Jalada la uongo.

Jumanne, 10 Juni

Saiba ya Shitanda, duka lake la kompyuta na uchapishaji, baada ya shule. Foleni. Shitanda aliuliza, kwa sauti ya kufika barabarani, mbona madam unaficha skrini, ama ni mambo ya mapenzi? Watu wote waligeuka. Nilisema ni marudio ya masomo. Masikio yaliungua.

Nikaomba jalada la kuchosha kuliko yote duniani. Akauliza, kama gani? Hapo niling'aa! Nilimwandikia: MOCK KIDATO CHA NNE. MAJIBU. Kisha nikaongeza SIRI, kwa sababu mtu mwenye adabu hafungui kitu kilichoandikwa siri. Shitanda alisoma, akanitazama, akasoma tena. Akasema yeye katika kazi hii haoni wala hasikii. Sijui alimaanisha nini.

Pete nyeusi za plastiki, karatasi ngumu ya manila ya njano mbele na nyuma. Nimekinusa njia nzima hadi nyumbani Langas.

Jumatano, 11 Juni

Makala mawili wakati wa mapumziko. Raha! Hakuna mwalimu aliyeshtuka.

Lakini kuna jambo geni. Musimbi, ninayekaa naye dawati moja, alikuwa hajanisemesha tangu nimshinde alama moja katika insha. Leo kaniletea mandazi mawili, ya moto. Akauliza Mama anaendeleaje, na kama nalala vizuri. Kiplimo, ambaye tangu kidato cha kwanza huniita "wewe wa dirishani", leo kaniita Apondi, siz yangu, dada kabisa.

Nimefikiria sana. Huenda hatimaye wameuona utu wangu. Au Mama ni mgonjwa na wao wanajua, mimi sijui. Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa anapika omena na afya yake tele.

Alhamisi, 12 Juni

Ni jalada! Ni jalada tangu mwanzo!

Musimbi aliazima kitabu changu wakati wa michezo, dakika tano tu, akiapa kwa jina la Yesu. Kilirudi baada ya saa mbili, kikiwa na alama za vidole na harufu ya chipsi. Jioni nusu ya darasa walikuwa na nakala za kurasa. Nilijua watagundua ni makala ya kawaida tu. Hawakugundua. Musimbi amewaeleza kwamba bila shaka hivi ndivyo vifungu vya ufahamu na ufupisho, na maswali yamefichwa kwa ujanja. Sasa wanakariri. Tyson wa darasa letu alinijia, akauliza chai inapaswa kupoa dakika ngapi, na jibu hilo lina alama ngapi.

Nilipaswa kumwambia ukweli. Nilimwambia asome tena aya ya tatu.

Mandazi manne leo.

Ijumaa, 13 Juni

Ofisini kwa Mwalimu Obiero. Kitabu changu, alichokinyang'anya darasani asubuhi, kiko mezani, njano kama homa. Aliuliza ni mwalimu gani aliyeniuzia majibu. Akasema nitaje jina, la sivyo sitafanya mock, na Jumatatu nije na mzazi. Nilimwona Mama akivaa kitambaa chake cha kanisani kuja kusikia kwamba mwanawe ni mwizi wa mtihani.

Nilisema, Mwalimu, tafadhali, soma ukurasa mmoja tu. Akasema amesoma vya kutosha hapo jaladani. Nikalia. Nadhani alifungua ili asinitazame nikilia.

Ukurasa mmoja. Akageuza. Akageuza tena. Alipofika "Watu Wanaotembea Polepole Mbele Yako", mabega yalianza kumcheza. Akakohoa, akarudisha uso wa naibu. Hukumu: mock nitafanya, mzazi asije. Lakini Jumatatu nisimame gwarideni niseme ukweli. Kitabu kinabaki kwake hadi mock iishe. Niliuliza kama ni katonini. Akakiweka kwenye droo yake, akafunga kwa ufunguo.

Jumatatu, 16 Juni

Nilisimama. Shule nzima! Nilisema kwa sauti ya mbu kwamba hayakuwa majibu, ni makala ya kujiburudisha, na jalada lilikuwa uongo wangu. Kisha vicheko.

Hakuna aliyeamini. Musimbi amesema wazi kwamba nimelazimishwa. Kama si kitu, mbona Obiero alionekana Ijumaa akikisoma hadi kengele ikampita? Kiplimo amenikonyeza na kuniambia nimeucheza mchezo vizuri, mdomo ubaki umefungwa hivyo hivyo.

Jioni darasa zima walikuwa wanakariri. Sina kitabu changu, ila wao wanacho.

Jumanne, 17 Juni

Nimetulia na kuchunguza kosa langu. Sasa naliona wazi. Kosa lilikuwa neno "mock". Kila mtu ana wasiwasi wa mock, kwa hiyo lazima wangekitamani. Nilihitaji jambo ambalo halimhusu mtu yeyote.

Nimetoka kwa Shitanda sasa hivi. Faili ilikuwa bado ipo. Nakala mpya, manila ya kijani, maandishi madogo ya heshima: ORODHA YA VIRANJA WAPYA. Walimu wanawachagua Ijumaa. Hadi wakati huo hakuna atakayejali, na mimi nitasoma kwa amani.