Gari Langu Halinywi Petroli ya Kawaida

Jumatatu, 3 Juni
Gari limefika. La mtumba, ndiyo, lakini lilikuwa la mkurugenzi. Kwenye kifuniko cha tangi pana kibandiko: super tu. Mke wangu kauliza super ni nini. Nimemweleza kuna petroli ya watu na kuna petroli ya kaka yake. Kaka yake, yaani shemeji yangu, ana pikapu linalokohoa barabara nzima na kunywa chochote. Mke hakucheka. Ukoo mzima hauna ucheshi.

Super ya kituo chetu, kimoja tu mjini, ni wizi mtupu. Mhudumu wa pampu kanishauri niweke ya kawaida, eti gari halijui kusoma. Mtu wa ndala ananifundisha magari.

Jumanne, 4 Juni
Kinyozi anasema ng'ambo ya mto kuna kituo kinachouza super kwa bei ya chini kuliko hata kawaida ya hapa. Kilomita sitini. Nimemwuliza ana hakika. Kasema kaambiwa na mteja. Inatosha.

Nitakwenda Alhamisi. Ijumaa nampeleka mama mkwe hospitali, akatolewe mtoto wa jicho. Kasubiri miadi miezi saba. Shemeji alijitolea na pikapu lake. Nikamwambia mbele ya watu kwamba mzazi habebwi kama gunia. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, mimi nataka kufika tu." Maskini, hajui hadhi.

Alhamisi, 6 Juni
Kituo kipo. Super ipo, bei ya kutupa. Nimejaza tangi na madumu matatu. Ina rangi ya chai. Mwenye kituo kasema hiyo ndiyo dalili ya super halisi. Nikaitikia kwa kichwa kama mjuzi.

Kurudi, gari lilipanda kilima cha kwanza kwa madaha, cha pili kwa kusitasita, cha tatu kwa kusukumwa na wachuma chai. Linazoea mafuta bora. Tumbo la maskini nalo huuma siku ya kwanza ya karamu.

Ijumaa, 7 Juni
Saa kumi na mbili asubuhi, mlangoni kwa mama mkwe. Yeye tayari, kavaa gauni jipya. Nikamketisha kiti cha nyuma. Nikawasha. Gari likatoa moshi mweupe, likapiga chafya, likanyamaza. Nikawasha tena. Kimya. Mama mkwe akauliza kwa upole kama tumeshafika.

Shemeji akatokea kwenye kona. Injini ilikuwa inanguruma tayari. Nilimwuliza alikuwa anafanya nini pale. "Nilikuwa nakusubiri uharibikiwe," akasema, bila hata kuona haya. Akamkalisha mama yake mbele, akamfunga mkanda, wakaondoka. Waliwahi miadi kwa dakika nne. Mke wangu alikwenda nao. Hakuniaga.

Jumamosi, 8 Juni
Fundi kamwaga tangi. Anadai ni petroli kidogo, mafuta ya taa mengi, na maji. Kisha kanionyesha kitabu cha gari: kawaida. Kifuniko, anasema, kilitoka kwenye gari jingine. Wivu wa mafundi hauna dawa. Mkurugenzi mzima angeweka kawaida?

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe kafunguliwa bandeji. Upasuaji umefana. Akamtazama binti yake, akalia. Akamshika shemeji mikono yote miwili. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, akamwuliza mke wangu, "Kumbe ndiye huyu?" Wote wakacheka. Leo ucheshi wameupata.

Nimekaa peke yangu, nimetafakari kosa. Limeonekana. Gari la hadhi halitumwi kujichotea mafuta. Ni sawa na kumtuma bwana harusi kisimani. Linahitaji gari la kulitumikia. Kinyozi anajua kituo kingine, kilomita tisini, super safi kabisa. Na nimekwisha kutoa malipo ya awali ya pikapu kuukuu la kwenda kuichota. Mwuzaji kaniambia linatumia kawaida. Sawa. Ni mtumishi tu.