Kichocheo Kisicho na Metali

Gari la matangazo lilizunguka kutwa nzima, kutoka sokoni hadi Kizwite, likiwapasha wananchi habari njema: Sumbawanga sasa ina Kamati ya Kusimamia Vichocheo vya Kemikali. Watu walikuwa wameishi bila kamati hiyo toka enzi za mababu, na maskini, hakuna aliyejua alivyokuwa akiteseka.

Katibu wake, Mzee Zenon, alilichukulia jambo hilo kwa uzito unaostahili. Alishonesha suti, akachongesha mihuri mitatu, akatunga fomu kwa mkono wake mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa kichocheo tu, na mkoa mzima kilikuwepo kimoja.

Kilikuwa cha Stefania, mwalimu wa kemia aliyeacha kazi. Alichoma mbolea ya urea mpaka ikawa poda ya njano, akaitia kwenye chupa za maji ya magunzi ya mahindi yaliyochemshwa, akazianika juani. Kufika alasiri, chupa zilinukia vanila. Mwoka mikate mmoja wa Chala alishazitaka zote. Kilichokosekana ni kibali, nacho sharti kitoke kabla ya mvua za Novemba, maana jua likishafichwa na mawingu, biashara ndiyo basi mpaka Mei.

"Shikamoo mzee," alisema Stefania mwezi Aprili, akiweka fomu mezani.

"Marahaba. Hapa kipengele cha nne, 'Taja metali iliyomo.' Mbona umeandika hakuna?"

"Haina metali, mzee. Ndiyo uzuri wake."

"Binti yangu, kipengele kinasema taja. Hakisemi usitaje."

Kamati ikaketi. Ikaketi tena. Julai ikaenda kuketi kijijini Kate, kutafuta utulivu. Haraka haraka haina baraka, alisema Zenon, na wajumbe wakapiga makofi. Oktoba ikaazimia kwa kauli moja kwamba kila chupa itiwe metali ya kutosha kujaza kipengele cha nne. Zenon, mtu wa vitendo, akaenda dukani mwenyewe akanunua misumari ya inchi tatu.

Stefania akashika kichwa. "Jamani mzee, msumari utaharibu! Poda hii ikifika kwenye vanila inaishia hapo. Chuma hakijui kuacha, kitaila na vanila yenyewe!"

"Maelekezo ni maelekezo," alisema Zenon kwa upole.

Siku ya ukaguzi akaja mgeni rasmi kutoka wizarani, Mama Cornelia. Chupa zilipangwa ukumbini, kila moja na msumari wake, na mapazia yakafungwa, mgeni asije akapigwa na jua. Zikakaa humo gizani muda wote hotuba zikisomwa. Mama Cornelia akafungua moja, akanusa, akakunja uso. Maji yalikuwa meusi kama wino.

"Vanila iko wapi?"

Machozi yalikuwa yanamlengalenga Stefania. Kwenye upenyo wa pazia, wingu la kwanza la msimu lilishajitokeza upande wa Ziwa Rukwa. "Iko nje, mama. Nyuma ya choo. Nimeanika tatu tangu asubuhi, bila msumari na bila ruhusa."

Bila ruhusa! Zenon nusura azimie. Wote wakatoka, na kabla hawajafika harufu ikawapokea. Dereva wa mgeni akauliza nani anaoka keki.

Mama Cornelia akamgeukia Zenon. "Katibu, hivi kichocheo ni kitu gani?"

Hilo alilijua kwa moyo. Akasimama wima. "Ni kitu kinachoharakisha kazi, mheshimiwa. Ukikiondoa, kazi inazorota!"

"Vizuri. Kabla ya kamati, kibali cha biashara kilichukua muda gani?"

"Wiki mbili, mheshimiwa."

"Na hiki?"

"Miezi saba," alisema Zenon kwa fahari, maana hakuna jambo lililowahi kufikiriwa kwa kina namna hiyo.

Mama Cornelia akaweka kibali cha Stefania juu ya boneti ya gari, akasaini. Kisha akaivunja kamati palepale, nyuma ya choo. "Haya, nimekiondoa. Tuone kazi itazorota kiasi gani."

Zenon akarudi nyumbani akiwa na imani kubwa. Aliwapa siku tatu tu. Wangekwama, wangemfuata kwa magoti. Siku ya nne, kimya. Akavaa suti, akaenda ofisini, akachungulia dirishani kwa karani.

"Valeria mwanangu, poleni sana. Mmekwama wapi?"

Valeria akainua uso kutoka kwenye rundo la vibali vilivyokwisha kugongwa mihuri.

"Shikamoo mzee. Kwani uliondoka?"