Ombi la Kutangaza Kuvu Wawili wa Mitufaha Kuwa Mmoja

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Maabara ya Magonjwa ya Mimea,

Kwa heshima zote, mimi karani wako wa vielelezo nawashtaki kuvu wawili wa mitufaha, tunaowaita hapa Kaka na Mdogo.

1. Ni ndugu wa damu. Kwenye kisahani cha maabara wote huota weupe, kisha Kaka hugeuka waridi siku ya tano na Mdogo siku ya saba. Baada ya hapo huwatofautishi. Je, ni haki mtu aliyesoma apoteze kazi kwa ajili ya siku mbili?

2. Hawana adabu ya ndugu. Mdogo hula vijiti vikavu tu. Mwenye bustani akipogoa, yamekwisha. Kaka hutoboa gome mpaka shina, na mti sharti ung'olewe na kuchomwa. Watoto wa tumbo moja waliolelewa vizuri hawaachani hivyo.

3. Siku ya nne nilifunua visahani viwili kwa pamoja: kimoja chenye kijiti cha mtufaha wa mama mjane mmoja, kingine cha jirani yake, mwalimu mstaafu. Majina yao nilikuwa nimeyaandika kwenye vifuniko, na wakati wa kufunika vikachanganyika. Fundi wa maabara alishanionya, "Andika kwenye kitako, bwana mdogo, kifuniko hakina mwenyewe." Nikadhani ananitania. Kesho yake kisahani kimoja kikawa waridi. Kaka yupo, ila sijui yuko kwa nani.

4. Mama huyo ana mitufaha arobaini, na hana kingine.

Kwa hiyo naomba utangaze rasmi kwamba hawa ni kuvu mmoja. Sayansi itapungukiwa na jina moja tu. Ikibidi kuchagua, afutwe Kaka, kwa kuwa mwenendo wake ndio mbaya. Miti yote iliyougua itapona siku hiyohiyo, bila dawa.

Wasalimie wa nyumbani kwako, dereva, na hata fundi.

Wako mtiifu, mwenye hofu,
Karani wa Vielelezo

Baada ya sahihi: Mama mjane ameingia sasa hivi. "Mwanangu, shoka nimeshalinoa, niambie tu." Ulimi ukagoma kudanganya. Nimemweleza habari ya vifuniko. Ameguna, akasema, "Sasa si ungesema? Nikuletee kijiti kingine, na cha mwalimu pia?" Ameshaondoka. Ni wawili, Mheshimiwa, usitangaze lolote. Niambie tu visahani safi viko kabati gani, kabla hajarudi.