Karafuu za Mama Mkwe

Jumatatu, 15 Septemba 2025
Bahati imeniangukia! Bi Bimkubwa, mama mkwe wangu, kaenda Kiuyu msibani. Kaniachia karafuu zake mbichi nizianike hapa Wawi. Zikikauka vizuri, atamruhusu mke wangu Rahma arudi kwangu. Zikiharibika, Rahma abaki kwao. Lakini kutandaza jamvini asubuhi, kuanua jioni, kila siku? Hapana. Nina akili. Nimezishindilia zote kwenye magunia ya nailoni, nikayafunga, nikayaacha juani. Joto si lile lile? Nikalala.

Jumanne, 16 Septemba
Ya Rabbi! Nimefungua gunia, mvuke ukanipiga usoni. Karafuu za moto, zinateleza, zimepauka, zanuka kama uji uliolala. Ashraf, binamu yake Rahma, mwalimu wa sayansi, akapita makusudi. Akanisomesha pale pale barabarani. Kuanika ni mabadiliko ya kiumbo: maji hutoka, karafuu hubaki karafuu. Kuvundika ni mabadiliko ya kikemia: kitu huwa kitu kingine, na hakirudi. Kuunguza nako ni vivyo hivyo. Simpendi Ashraf. Nimeshika la maana tu: maji yatoke. Moto utayatoa upesi kuliko jua.

Jumatano, 17 Septemba
Siamini macho yangu. Nilizikaanga kwenye sufuria kubwa. Moshi! Majirani wakaja na ndoo. Nimebaki na makaa yenye harufu nzuri. Nikayarudishia maji yake, nikangoja yawe karafuu. Hayakuwa! Nimeduwaa.

Bi Bimkubwa karudi adhuhuri. Akachota kiganja, akanusa.

"Mabruki, hichi nini?"

Nikamwambia ni karafuu, zimebadilika kiumbo tu. Akakaa kitako kwenye jamvi tupu, akanitazama mpaka nikaona haya.

Ijumaa, 19 Septemba
Sikutarajia! Rahma mwenyewe kanitetea. Kamwambia mamake kuwa mjinga ni mjinga, lakini ni mume wake. Bi Bimkubwa kakubali kwa sharti: leo baada ya sala waje wale chakula nilichopika kwa mkono wangu. Kikilika, Rahma abaki hapa kwangu, harudi tena kwao. Nimeapa: hila basi.

Nimesinzia kidogo tu. Wali umeungua, mweusi mpaka juu! Nao wanapiga hodi mlangoni.

Si neno. Nimeutia maji, nikaufunika. Ukirudi kuwa mchele, naupika upya.