Ombi la Kujua Sifuri Yangu Ni ya Kipimo Gani

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Mitihani,

Shikamoo. Mimi ni yule msichana aliyepata sifuri katika fizikia ya mdomo. Siandiki kwa jeuri. Barua hii nimeirudia mara nne, na shangazi yangu, fundi wa majokofu ninayeishi kwake, amesema nikiirudia tena atanileta kwenu mwenyewe. Chuo cha ufundi kinataka matokeo yangu kabla ya Ijumaa, na alama ya kufaulu ni thelathini. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mtahini aliniuliza, "Sifuri ya kipimajoto ni nini?" Nilijua majibu matatu, nikashindwa kuchagua, nikanyamaza. Akasema, "Binti, hatujaja hapa kusali," akaandika 0. Hakuandika ni ya kipimo gani. Shangazi haandiki hivyo hata kwenye friji ya jirani anayoitengeneza bure.

2. Kama ni ya Selsiasi, hapo ni pale maji yanapoganda tu. Watu walipachagua kwa sababu maji yapo kila jikoni. Chini yake baridi bado ipo tele: friza ya shangazi hukaa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na nyama haijalalamika. Sifuri hiyo haina maana ya "hakuna kitu". Kwa nini yangu iwe nayo?

3. Kama ni ya Farenhaiti, hiyo ilipatikana kwa kuchanganya barafu, maji na chumvi. Nauliza kwa adabu, katika chumba cha mtihani chumvi ilitoka wapi?

4. Kama ni ya Kelvini, hiyo ndiyo sifuri kamili, ambapo chembe zote hutulia kadiri inavyowezekana, na hakuna mtu aliyewahi kuifikia. Mimi magoti yalitetemeka hadi dawati likagonga ukuta. Mtahini mwenyewe aliniomba nilishike. Penye mtikisiko kama ule hapawezi kuwa na sifuri.

5. Basi imebaki Selsiasi. Sifuri ya Selsiasi ni thelathini na mbili za Farenhaiti. Nimefaulu kwa alama mbili. Kwa Kelvini ningepata mia mbili sabini na tatu na ushee, lakini hizo siziombi. Wenzangu watanionaje?

6. Nina wasiwasi na mwenzetu aliyepata mia moja. Kwa Selsiasi, huyo anachemka. Naomba mtume mtu akamtazame.

Nisalimieni watahini wote, karani anayefunga bahasha, na mama wa mapokezi aliyeniazima kalamu. Bado ninayo, ndiyo hii.

Ni mimi, kwa heshima na woga,
Mtahiniwa wa mwisho kwenye orodha

Baada ya kusaini: Shangazi ameisoma, akacheka hadi bisibisi ikamdondoka. Anasema, "Mwanangu, ukigeuza alama yako, na ya kufaulu inageuka. Thelathini inakuwa themanini na sita." Nimepiga hesabu mara mbili, ni kweli. Mwanzo nilipungukiwa thelathini, sasa napungukiwa hamsini na nne. Tafadhali niachieni sifuri yangu kama ilivyo, na kama kuna mtihani wa marudio kabla ya Ijumaa, nitakuja kusema.