Kufuli la Kaneez

Jumatatu, 6 Januari 2003
Mzee Dharsi mwenyewe kaingia kwenye duka langu la uchapaji! Shikamoo nimempa mara mbili. Kaniletea CD ya kitabu cha dua cha mahujaji wetu, kichapwe kabla ya Ijumaa. Kakiandaa bintiye Kaneez, ambaye nimemposa na jibu bado. Mzee kasema Kaneez amekifunga ili watu wasichezee maneno ya dua. Neno la siri nimuulize yeye. Nikamjibu kompyuta yangu inatumia mfumo wa Linux, haitishwi na kufuli. Akanitazama sana. Nadhani kavutiwa.

Jumanne, 7 Januari
Faili linafunguka, linasomeka. Kuchapa, linakataa! Nimeandika kila amri niijuayo. Jibu ni lile lile: hairuhusiwi. Nikaligeuza liwe faili la aina nyingine, likatoka jeupe. Qusai, mwenye duka la uchapaji ng'ambo ya barabara, kashauri nimpigie Kaneez simu. Mnafiki! Naye anamtaka. Nikiri kwa mchumba kwamba nimeshindwa? Bora nife.

Alhamisi, 9 Januari
Kesho Ijumaa, na sina hata ukurasa. Nisipochapa, posa imekufa. Ghafla akili ikafunguka: kinachosomeka kwenye skrini kinapigwa picha! Nimepiga picha ya skrini, ukurasa baada ya ukurasa, nikazichapa. Tangu mwanzo nilikuwa napumzisha kichwa kwa mchezo wa karata humo humo kwenye kompyuta. Vitabu nimevipeleka msikitini bila kuvikagua. Fundi hajikagui.

Ijumaa, 10 Januari
Pembeni mwa kila ukurasa, karata! Mchezo sikuufunga, nao umepigwa picha. Dua ya kuingia Makka ina bibi wa kopa. Mama Ummekulsum, mmoja wa mahujaji, kauliza mbele ya watu kama siku hizi huko kunachezwa kamari. Mzee Dharsi akavikusanya vitabu kimoja kimoja, na hilo ndilo lililonitisha. Jioni Kaneez kaja kuchukua CD yake.
"Nilikuwa nakaa karibu na simu, Shabbar. Nangoja uniulize."
Imeniuma mpaka sasa.

Jumatatu, 13 Januari
Qusai kampigia Kaneez, kapewa neno la siri, kavichapa vitabu upya. Posa yangu imerudishwa. Nasikia ya Qusai inapokewa Jumapili. Nimelia. Nimetafakari. Kosa langu nimeliona.
Mchana kaja Consolata wa kwaya ya Muheza na kitabu cha nyimbo, nacho kimefungwa. Kataka kunitajia neno la siri. Nimemzuia, nikamwambia asijisumbue, arudi Alhamisi. Safari hii karata nitazifunga kwanza.